Kumi na Nne kwenye Mstari wa Nyota

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nianzie hapo, maana bila hasira zangu mstari wa nyota usingekuwepo, na bila huo mstari nisingekuwa na la kusimulia.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa msichana wa mkataba katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, kitengo cha kompyuta. Neno kitengo lilikuwa la heshima tu. Tulikuwa watu wawili, mimi na mwenzangu, kijana wa Bukoba mwenye utani mwingi na asiyejua haraka ni nini, na kompyuta moja iliyoletwa na mfadhili pamoja na printa yake. Tulipewa kazi ya kuandika programu ya kutunza kumbukumbu za visima: kila kisima kiko kijiji gani, kimechimbwa hadi kina gani, pampu inavuta au imekufa.

Kwa kuwa kompyuta ilikuwa moja, tuliweka viti viwili mbele yake. Aliyekaa kiti cha kwanza alishika kibodi. Aliyekaa kiti cha pili alisoma kila kilichoandikwa, mstari kwa mstari, na akiona kosa alisema papo hapo. Baada ya chai tulibadilishana. Sijawahi kufanya kazi nzuri zaidi ya ile maishani mwangu, na nimefanya kazi nyingi baada yake. Ukiwa na mtu anayekusoma huku unaandika, unaacha kujidanganya.

Sasa siku moja walikuja wageni kutoka makao makuu, na mkuu wetu wa kitengo akawaonyesha kazi yetu akisema, "Kijana wetu huyu ndiye ameandika," na mkono wake uko begani kwa mwenzangu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika trei ya soda. Kipande alichokuwa akikisifia nilikiandika mimi, kibodi ikiwa mkononi mwangu, kwa wiki nzima. Damu ilinichemka mpaka masikio yakapata moto. Wageni walipoondoka nilimwambia mwenzangu kwamba kuanzia siku ile kila faili litaandikwa mwanzoni kabisa nani alikuwepo mezani lilipoandikwa, na kama hataki, akatafute mtu mwingine wa kukaa naye.

Katika lugha tuliyoitumia, mstari ukianza na nyota, ile alama ya kwenye kibodi, mashine inauruka. Ni wa kusomwa na binadamu tu. Basi mstari wa kwanza wa kila faili ukawa wa nyota, na baada ya nyota herufi za majina yetu, aliyeshika kibodi akitangulia na wa kiti cha pili akifuata. Wote wawili ni waandishi. Hata kama siku ile hukugusa kibodi, ulikuwepo, ulisoma, umeandika.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema mwenzangu akicheka, na akaanza na herufi zangu.

Chumba chetu zamani kilikuwa ukumbi wa ile mashine kubwa ya kusoma kadi zilizotobolewa, ya enzi za kabla yetu. Mashine yenyewe ilikuwa bado imesimama nyuma ya chumba, kubwa kuliko kabati la nguo, imekufa, haina wa kuiondoa. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizoinuliwa ili nyaya zipite chini, na ukitembea ilitoa sauti ya utupu, kwa hiyo ulisikia mtu anakuja kabla hujamwona. Madirisha yalifungwa mwaka mzima kwa ajili ya vumbi. Mwezi wa nane upepo wa Dodoma ulipovuma, vumbi lilipenya hivyo hivyo, na kila asubuhi tulifuta meza na kuvua kompyuta shuka lake jeupe.

Saa saba tulitoka kwenda kula. Tulifunga chumba kwa kufuli. Funguo zilikuwa mbili, mmoja tulikaa nao sisi na mmoja alikaa nao mlinzi wa getini, mzee wa Kigogo ambaye kila asubuhi alinisalimia "Mbukwenyi" na kunitania kwamba naitikia kwa lafudhi ya redioni. Saa nane tulirudi.

Siku ya kwanza nilidhani ni utani wa mwenzangu. Tulirudi kutoka kula, nikafungua faili tuliloliacha asubuhi, na kwenye mstari wa nyota, baada ya herufi zangu na zake, kulikuwa na namba: 14.

"Hii nini?" nikamuuliza.

"Sijui. Umeandika wewe."

"Mimi niandike kumi na nne ya nini?"

"Labda umri wako wa akili," akasema, na tukaendelea na kazi.

Lakini nilipokuwa nikishuka chini ya faili niliona kitu kimebadilika. Asubuhi programu ilikuwa inakwama kila tulipoiuliza kuhusu kata isiyo na kisima hata kimoja. Tulikuwa tumehangaika nayo mpaka njaa ikatushinda. Sasa kulikuwa na mistari mitatu mipya, mifupi, iliyoiambia programu ihesabu kwanza kabla ya kugawa. Nikaijaribu. Haikukwama.

Mwenzangu akaapa haki ya Mungu si yeye. Mimi nikaapa si mimi. Tukaangalia saa ambayo mashine ilikuwa imeweka kumbukumbu ya mabadiliko: saa saba na dakika ishirini na mbili mchana. Saa ile tulikuwa kwa mama ntilie, yeye na wali wake, mimi na ugali wangu, na ufunguo wetu uko kwenye mkoba wangu. Ndipo nilipoona shuka jeupe. Tulipotoka tuliifunika kompyuta nalo, na kila tulipolivua tulikuwa na tabia ya kulitupa kitini. Sasa lilikuwa mezani, limekunjwa mara nne, kingo kwa kingo.

Nikagusa kiti cha kwanza. Kilikuwa baridi. Nikagusa cha pili. Kilikuwa na joto la mtu.

Nataka nieleweke. Mchana ulikuwa mweupe, jua la Dodoma linawaka, watu wanacheka ukumbini. Hakuna aliyeniambia hadithi yoyote ya kutisha. Lakini nilisimama pale mkono wangu uko juu ya kiti, na sikutaka kukaa.

Ikawa hivyo siku tatu au nne kwa wiki. Faili tuliloliacha likiwa na kosa tulilikuta limerekebishwa, na 14 iko mwisho wa mstari. Faili lisilo na kosa nalo lilikuwa na 14, yaani limesomwa. Hakuna kilichoharibiwa hata siku moja. Mwenzangu akaanza kupiga hodi kabla ya kuingia chumba kitupu. Alifanya kama mzaha, lakini alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kusukuma mlango. Tulimwuliza mlinzi kama kuna mtu anaingia. Akasema, "Haingii mtu asiye wa humu," na akaangalia barabarani.

Siku moja kabla ya kwenda kula mwenzangu aliandika chini ya majina yetu mstari mwingine wa nyota: WEWE NI NANI? Tuliporudi tulisukumana mlangoni nani atangulie. Chini ya swali kulikuwa na neno moja: MHAKIKI.

Kesho yake nikaandika mimi, kwa hasira iliyofunika woga: UNATAKA NINI? Nilikula haraka siku ile. Jibu lilikuwa: KIFUNGU CHA TATU, MSTARI WA 40. ANGALIENI TENA.

Tukaangalia mstari wa arobaini. Tuliusoma mara mbili bila kuona kitu. Ulikuwa mstari wangu, na niliupenda. Ulisema kwamba kisima kisichotembelewa misimu miwili kihesabiwe kimekufa na kitolewe kwenye orodha.

"Mbona sawa tu," akasema mwenzangu.

Mimi nikaona sasa nimechoka kuchezewa. Siku iliyofuata nilimwambia aende kula peke yake, afunge kufuli kwa nje na kuondoka na ufunguo. Mimi nikaenda nyuma ya ile mashine iliyokufa, nikachuchumaa baina yake na ukuta.

Nilikaa muda mrefu. Nilisikia ofisi ikiishiwa watu, mlango baada ya mlango, kisha upepo peke yake. Halafu kufuli likafunguka, taratibu, na mbao za sakafu zikaanza kutoa sauti yake ya utupu, hatua moja, hatua nyingine, za mtu asiye na haraka. Nikachungulia.

Nilimjua. Alikuwa mama wa makamo aliyekuwa karani wa kuingiza takwimu humu humu ndani, tuliyemkuta tulipoajiriwa. Alikuwa ameanza kazi enzi za kadi. Alipunguzwa kazini pamoja na wengine orodha ilipobandikwa ubaoni, miezi minane nyuma. Nilikumbuka siku ile alivyosoma orodha kwa kidole, akafika kwenye jina lake, akaendelea kuisoma mpaka mwisho, kisha akaenda kuchukua mwavuli wake. Meza yake iliondolewa kesho yake. Sikuwa nimemfikiria tena, nasema kweli.

Na sasa huyu hapa, amevaa nguo za ofisini, nywele zimefungwa vizuri, mkoba begani. Aliweka mkoba sakafuni. Akavua kompyuta shuka, akalikunja mara nne. Kisha akakaa kiti cha pili.

Hakukaa kiti changu. Hicho ndicho kilichonitisha zaidi ya yote. Chumba kizima kilikuwa chake, viti vyote vitupu, na yeye alikaa kile cha msomaji, akaisogeza kibodi kwake kwa pembeni, akaacha nafasi ya mtu wa kiti cha kwanza. Akaanza kusoma kwa kidole juu ya kioo, midomo inacheza. Kila mstari alioumaliza alisema, "Sawa." Sauti ndogo, haina furaha wala huzuni. Sawa. Sawa. Kisha kidole kikasimama. Akageuza uso kwenye kiti kitupu.

"Hapa umeruka, mwanangu," akasema.

Mpaka leo sijui kama alikiambia kiti au aliniambia mimi nyuma ya mashine. Alisubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake muda wa kuona mwenyewe, halafu akarekebisha, mistari kama sita au saba. Akaandika namba yake. Akafunika kompyuta, safari hii hakusahau, akachukua mkoba na kutoka. Kufuli likafungwa.

Mwenzangu aliponifungulia nilikuwa nimekaa sakafuni. Tulifungua faili pamoja. Mstari wa arobaini haukuwepo. Mahali pake alikuwa ameandika kwamba kisima kina hali tatu, si mbili: kinatoa maji, kimekufa, na kimefunikwa. Vile vya Bahi, magharibi ya Dodoma, mwaka wa mvua nyingi, mbuga inajaa na visima vinazama chini ya maji. Hakuna anayevitembelea misimu miwili, hata mitatu. Watu wanavua samaki juu yake. Kisha maji yanakauka na visima viko pale pale, vizima. Programu yangu ingevifuta vyote. Mimi nimezaliwa Morogoro mjini, ningejuaje? Lakini yeye miaka yake yote alikuwa ameingiza takwimu za Bahi kwa vidole vyake, mwaka wa maji na mwaka wa ukame.

Nilikwenda kumwuliza mlinzi, na safari hii nilimwambia nimeona.

"Shikamoo, mzee. Kumi na nne ni nini?"

"Marahaba. Hiyo namba yake," akasema. "Wakati wa kadi kila mama alikuwa na namba. Mmoja anatoboa kadi, mwingine anakaa upande huu anahakiki, na namba zote mbili zinaandikwa. Aliyetoboa, aliyehakiki. Bila namba ya pili kazi hairuhusiwi kutoka. Huyu alihakiki tu. Hata programu za wakubwa, wanaandika kwenye karatasi, yeye ndiye anasoma mwisho. Wakubwa wanakosea, yeye anaona."

"Na wewe unampa ufunguo."

"Anakuja kila siku, binti. Nyumbani hajasema kwamba amepunguzwa. Anatoka asubuhi na mkoba. Mchana anaingia kwa muda wa saa moja tu. Mimi nimfukuze?"

Ningependa kuandika hapa kwamba nililia. Sikulia. Nilipata kwanza woga wa kuona mtu hai akifanya kazi kama kivuli, kisha huruma kidogo, na baada ya huruma ikaja hasira, na hiyo ndiyo ikakaa. Nilikasirika kwa sababu alikuwa bora kuliko mimi. Wivu ndio ulionishika, sina jina jingine la kuupa. Nilikuwa na cheti cha chuo na kiti cha kwanza, na mtu aliyeondolewa kwenye orodha ameona, kwa kidole tu, mambo niliyoshindwa kuyaona kwa miezi.

Wiki iliyofuata mshauri wa mfadhili angekuja kuipokea programu. Angefungua mafaili na kuona 14. Angeuliza. Mkuu wetu angejua kwamba mtu aliyepunguzwa anaingia na kugusa mashine ya serikali, na hapo polisi, mlinzi kufukuzwa, sisi kuhojiwa. Hayo yote nilimwambia mwenzangu, na yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu. Nikapendekeza tuseme ufunguo umepotea, tupewe kufuli jipya, funguo zake zote tukae nazo sisi, na namba tuiondoe.

"Na masahihisho yake?" akauliza.

"Yanabaki."

Aliniangalia. Kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Dada, si wewe uliyeanzisha mstari huu?"

"Ndiyo. Na mimi ndiye nitakayeufuta pale panapotakiwa."

Nilifuta 14 kwenye kila faili, moja baada ya jingine, nikiwa kwenye kiti cha kwanza. Mwenzangu alikaa cha pili, uso ameuelekeza dirishani.

Mshauri alikuja. Alibonyeza hapa na pale, akafika kwenye hali ya tatu ya kisima, akasimama. Akatuambia, kupitia kwa mkuu wetu, kwamba katika nchi zote alizopita hajaona programu ya visima iliyofikiria hivyo. Nani aliyefikiria? Mkuu alitugeukia. Mwenzangu aliinamisha macho akiangalia viatu vyake. Mimi nikasema, "Sisi." Mwezi haukuisha tukapata barua za ajira ya kudumu, wote wawili.

Baada ya hapo mchana wa chumba kile ukawa mbaya kuliko mwanzo. Saa saba na dakika ishirini, kama sijaenda kula, nilisikia hatua. Si kweli kwamba zilikuwepo, kufuli lilikuwa jipya na mlango umefungwa. Lakini masikio yalikuwa yamekwisha kuzoea, na nilipokuwa nikiandika nilijikuta nasimama kila mstari kusubiri aseme sawa. Hakusema. Nikaanza kukosea vitu vidogo ambavyo sijawahi kukosea.

"Bado anakuja," mlinzi aliniambia siku moja bila kuulizwa. "Anafika getini saa saba. Namwambia mama, kufuli ni lile lile jipya. Anasema haya. Anaondoka na barabara ile." Akaonyesha njia ya kutoka mjini, ambako hakuna ofisi wala soko.

Nikashindwa kuvumilia. Ijumaa asubuhi niliomba ruhusa, nikanunua kilo ya sukari, nikaenda nyumbani kwake, mtaa wa Area D, kwa maelekezo ya mlinzi. Nilipanga kumwomba radhi akiwa peke yake. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwake, saa nne asubuhi, yeye hakuwa mtu wa kukutwa.

Nilimkuta mumewe barazani, mwalimu mstaafu, mzee mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo vyote. Nikampa shikamoo, nikajitambulisha kwamba natoka ofisini kwa mama.

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Karibu kiti. Lakini mmepishana, yeye yuko kazini." Kisha akacheka. "Si unajua mwenyewe, unatoka huko huko."

Nikacheka naye. Sikujua uso wangu ulikuwaje.

"Wewe ndiye unakaa naye meza moja? Amenisimulia. Mnaandika programu ya visima." Akaingia ndani, akarudi na karatasi ya kompyuta, ile yenye matundu pembeni, imewekwa ndani ya bahasha isichafuke. Ilikuwa ukurasa wa kwanza wa faili letu. Herufi zangu, herufi za mwenzangu, na namba yake. "Mimi haya ya chini siyajui," akasema, "lakini namba ya mke wangu naijua. Miaka yote ile alikuwa wa kutazama kazi za wengine, hakuna aliyemwandika pamoja nao juu. Nikamwambia, mama, kumbe uzeeni ndiyo wamekuona." Akanitazama usoni. "Ni kweli mmeandika pamoja?"

Palikuwa na njia mbili tu. Nikisema hapana, namvunjia mtu nyumba yake hapo barazani. Nikisema ndiyo, nasema kweli, ile niliyoificha mbele ya mshauri, na naisema sasa kwa kudanganya.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Tumeandika pamoja."

Akafurahi sana. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akashusha sauti.

"Basi nikuombe jambo. Siku hizi anasema mmempa kazi ya nje, kwenda kuhakiki visima kwa miguu. Anarudi jioni vumbi limefika magotini, hawezi hata kula. Umri wake si wa kutembea siku nzima. Lini mtamrudisha ndani?"

Sikuwa na mamlaka ya kumrudisha mtu popote. "Jumatatu," nikasema. "Mwambie aje Jumatatu, saa mbili kamili."

Jumatatu nilifika kabla ya wote. Nilirudisha 14 kwenye kila faili, na kwenye mstari wa juu, kabla ya herufi zetu, nikaandika jina lake lote. Kisha nikaenda kwa mkuu wa kitengo na kumweleza kila kitu, isipokuwa ufunguo wa mlinzi. Nilisema nilimfungulia mimi. Nilitegemea afoke. Alinisikiliza, akavua miwani, akasema kwa upole kabisa:

"Huyo mama hayupo kwenye orodha ya watumishi. Mtu asiyekuwepo kwenye orodha hawezi kuwa ameandika programu ya serikali. Barua zenu zimeshatoka. Wewe una usingizi, nenda kapumzike."

"Anakuja leo, mkuu. Nimemwita."

Akafikiri. Hakuwa mtu mbaya. "Akitaka kuja kuona, si vibaya. Aje kama wengine wanavyokuja. Mwambie mlinzi amwandike."

Na mimi, mjinga mimi, nilifurahi. Nilikimbia kushuka ngazi nikiwa nimeshinda. Alikuwa ameshafika getini, gauni la kitenge limepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi, mkoba begani. Nikampa shikamoo. Akaitikia na kunitazama kwa utulivu, kama tuliachana jana tu.

"Karibu ndani, mama," nikasema. "Mkuu amekubali. Mzee hapa anakuandika, halafu tunapanda."

Mlinzi hakuinuka. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Mkono wake ukaenda polepole chini ya meza, akatoa daftari la wageni, akalifungua ukurasa wa siku ile bila kuniangalia. Tarehe. Jina. Anatoka wapi. Anakwenda kumwona nani. Saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Mama alichukua kalamu. Alisoma vichwa vya safu kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa ukurasa. Akaandika tarehe. Akaandika saa mbili kamili. Kalamu ikafika kwenye safu ya jina ikasimama, na sisi wawili tukawa tunaiangalia.

"Mwanangu," akasema, "mimi humu si mgeni."

Akalaza kalamu juu ya daftari, taratibu, isiviringike. Nilimwambia mama, jina lako liko juu, nimeliandika asubuhi hii, njoo ulione. Nilimwambia samahani, mara ngapi sijui. Alinigusa bega akasema haya. Kisha akatoka getini. Mlinzi na mimi tulisimama kutazama ataelekea wapi, kwa kuwa tulijua njia yake ya kila siku, ile ya kutoka mjini. Hakuifuata. Saa mbili na robo asubuhi, na mkoba wake begani, alishika njia ya nyumbani.